Kwa Nini Sitaleta Isale

Engare Sero,
chini ya Mlima Lengai

Mke wangu Mama Neema,

Pokea salamu zangu, zimejaa vumbi lakini ni za moyo. Natumaini wewe na watoto mmeamka vizuri, kifua cha mama kimetulia, na yule ng'ombe amezaa bila kutusumbua. Mimi navuta pumzi. Zamani nilikuwa naandika hivyo kwa mazoea tu, siku hizi nikisema navuta pumzi namaanisha kweli, na mbele utaona sababu. Mwandiko usikushangaze. Najua utasema umekuwa kama wa mtoto wa chekechea. Viganja vyangu vina vidonda ambavyo juu vimefunga na ndani bado, nikiibana kalamu sana vinapasuka. Kwa hiyo naandika kidogo, napumzika, naandika tena.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Unajua hapa mtandao ni wa kuutafuta, inabidi nipande kile kilima cha nyuma ya kambi na jua hili, nisimame juu ya jiwe moja maalumu kama mtu anayehubiri. Nasimama, simu inaita, inaita, inakatika. Juzi akapokea Neema. Akanisalimia vizuri, shikamoo baba, halafu nikamsikia anauliza pembeni, nami nikaisikia sauti yako inasema, "Mwambie nimeenda Kiboriloni sokoni." Siku ile haikuwa ya soko, Mama Neema. Nilishuka kilima miguu ikiwa mizito kuliko siku niliyotoka mlimani.

Sikulaumu. Umesikia habari kutoka kwa mdogo wako Wilbard mwenyewe, ambaye ni damu yako, na yeye hakudanganya. Alisema alichokiona. Baba mkwe naye alinipigia, na nataka ujue kwamba hakunitukana hata kidogo. Alisema kwa upole wake ule ule, "Mwanangu Anaeli, sisi si watu wabaya. Wilbard amerudi anatetemeka, anasema ulisimama ukingoni ukamwangalia, umemkumbatia mzungu. Mimi sitaki maelezo marefu. Lete jani la isale, mambo yaishe, mtoto apate kipaimara chake kwa amani." Nikamjibu kwamba nimesikia. Mtandao ukakatika, na kusema kweli nilishukuru.

Basi nakuandikia wewe kwanza, kwa sababu baba amesema hataki maelezo marefu na mimi mafupi sina. Barua hii nampa dereva wa lori la vitunguu, atakuletea mkononi pale unapouzia ndizi zako. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujakasirika upya.

Unakumbuka ni wewe uliyenituma. Mvua za vuli zilipoanza na wageni wa Kilimanjaro wakapungua, ulisema Wilbard amekaa tu kule chumbani kwake Soweto, Moshi mjini, kodi inamsumbua na mawazo yanamla, nimshike mkono nimlete huku. Sikutaka. Nilikwambia mlima wa huku si kama wa kwetu. Ukaniambia, "Baba Neema, mlima ni mlima, na huyo amefika kileleni Kibo mpaka amechoka kuhesabu." Nikakubali, kwa sababu nikikukatalia jambo huwa nalala vibaya.

Alikuja na begi lake zuri, miwani yake na vile viatu vya gharama alivyoachiwa na mgeni. Siku ya kwanza tu aliniona nafunga kamba kwenye mkoba wangu, ile kamba ya katani uliyoninunulia Kiboriloni ya kufungia ndama, ambayo nilikuja nayo huku kwa bahati mbaya na sijairudisha. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, unapeleka ng'ombe mlimani?"

"Nakupeleka wewe," nikamwambia.

"Mangi bana! Kibo nimepanda miaka yote hii sijawahi kuona mtu amebeba kamba ya zizi."

Na kweli, kule kwetu haihitajiki. Kule adui ni baridi na kichwa kuuma. Mgeni akizidiwa unamshusha, kazi imeisha. Hata kule juu kabisa, ndani ya kreta ya Kibo kunakonuka kiberiti, watu wanapita wamekunja pua na kuendelea na safari. Mlima wetu umelala usingizi wa mzee aliyeshiba. Huu wa huku haujalala. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, na ukikaa hapa muda wa kutosha unaelewa kwa nini wanapopita karibu hawapigi kelele.

Nilimfundisha, Mama Neema. Nataka ulijue hilo, maana nimesikia huko mtaani wanasema nilimpandisha kama mzigo. Nilimwonyesha lile tope jeusi linalotoka kwenye kreta, jinsi linavyoonekana kama uji uliopoa kumbe litaunguza kiatu na mguu uliomo. Nikamwonyesha ukoko mweupe, kwamba usikanyage kabla hujaugonga kwa fimbo na kusikiliza, ukilia kama debe tupu urudi nyuma. Upepo uwe mgongoni kwako ukiukaribia moshi, na macho yakianza kuwasha usijifanye jasiri. Kabla ya kupanda tunawauliza wachungaji kwanza, kwa sababu wao wanajua kama mlima umeunguruma wiki hii na kama mbuzi wamekataa malisho ya upande fulani. Wakisema leo hapana, mgeni hata alie machozi hatupandi. Mimi nimesharudisha wageni, nimetukanwa, na nimelala usingizi mzuri.

Na zaidi ya yote nilimwonyesha mashimo. Ubavuni mwa mlima kuna mashimo, mengine makubwa, mengine kama kisima kifupi. Nilimpeleka kwenye moja ambalo ndani yake kuna mifupa ya ndege na ya sungura. Nikawasha mshumaa ndani ya kopo, nikalifunga kopo kwa kamba hiyo hiyo, nikaliteremsha polepole. Mwali ukawaka, ukawaka, ulipofika nusu ukazimika kama uliopulizwa, na upepo haukuwepo. Nikamwambia, "Shemeji, humo kuna hewa mbaya. Haina harufu, haina rangi, ni nzito, inakaa chini kama maji kwenye beseni. Ukiingia magoti yanalegea kabla hujajua. Na mtu akiwa ameanguka humo, wa pili akimfuata, tunazika wawili."

Alitazama kwa makini, akapiga video kwa simu yake. Akasema, "Nimekupata, shemeji." Na nadhani alinipata. Kosa ni kwamba alidhani nasema juu ya shimo lile lenye mifupa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Mkono umeanza kuuma, ngoja nipumzike kidogo.

Nimerudi, nimekunywa chai ya maziwa ya mbuzi, ambayo mpaka leo sijaizoea.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni mmoja tu, mama wa makamo, mwalimu mstaafu kutoka ng'ambo, mtu mwenye moyo mzuri na magoti mabovu. Tulikuwa watatu wa kumhudumia: Leboi, yule Mmasai ninayefanya naye kazi, akiongoza mbele, Wilbard akitembea na mgeni ili ajifunze, mimi nyuma. Tulikuwa tumefika juu, tumeona tulichokuja kuona, tumeanza kushuka. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza upande wa kwetu. Upepo wa asubuhi ulikuwa mkali, unarusha majivu machoni, na yule mama jasho lilikuwa limemkaukia mwilini. Akaanza kutetemeka meno.

Mtoto wa Kilimanjaro akiona mgeni anatetemeka anafanya nini? Hata wewe ambaye hujapanda unajua, maana tumelisimulia jikoni kwako mara nyingi. Anamtafutia pa kujikinga na upepo. Nyuma ya jiwe, kwenye bonde dogo, popote pa chini. Tumefundishwa hivyo na waliotutangulia, na wengi wako hai kwa sababu ya hilo. Wilbard akaona pembeni ya njia shimo dogo, safi, halina mfupa wala unyoya, limezibwa upepo pande zote. Akamwambia mgeni asubiri kidogo juu, akatangulia yeye kushuka ili amwandalie pa kukaa. Ndivyo tulivyofundishwa pia, mwongozaji anatangulia. Kama angekuwa mvivu, au mtu asiyejali mgeni wake, yasingempata. Nilikuwa hatua chache nyuma nimeinama nakaza kiatu. Nilipoinua kichwa nikaona kofia yake tu, inazama.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilipofika ukingoni alikuwa amekaa chini kule ndani, begi mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Macho wazi. Nikamwita, akanitazama. Halafu akalala kwa ubavu taratibu sana.

Mama Neema, nilitaka kushuka. Liandike hili moyoni mwako. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshateremka, majivu yameanza kuporomoka chini ya kiatu. Nilimwona pale si Wilbard tu, nilikuona wewe na pua yako hiyo hiyo. Na wakati ule ule yule mama akapita pembeni yangu anashuka, analia, anasema kwa lugha yake kwamba lazima tumsaidie. Nikaurudisha mguu, nikamdaka kwa koti. Alipambana. Alinipiga kofi ambalo sikio lililia mpaka jioni. Nikamkumbatia kwa nguvu, nikamwangusha kando, nikamkalisha chini kama mtoto. Hicho ndicho alichokiona mdogo wako akiwa kule chini na macho wazi. Aliniona nimesimama ukingoni. Aliniona nimemkumbatia mzungu. Aliona sishuki. Hakudanganya hata neno moja.

Asiyoyaona ni yaliyofuata, kwa sababu macho yalikuwa yameshafumba.

Nilifungua kamba. Nikafunga kitanzi kile tunachomfungia ndama asiyetaka kutoka bandani, maana mikono haikukumbuka fundo lingine lolote. Nikalala kifudifudi, kichwa nimekigeuzia upande wa upepo. Nikatupa, ikapita. Nikavuta, nikatupa tena, ikamwangukia mgongoni na yeye hana habari. Nilimwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa jina la ubatizo. Halafu nikamwita kwa Kichagga, kwa ukali, kama baba anavyomwita kutoka shambani akiwa na hasira, kwamba aje ashike huku mara moja. Sijui kama mtu aliye hali ile anasikia. Lakini mkono wa kulia uliinuka. Uliinuka kivivu, kama wa mtoto anayeamshwa kwenda shule, ukapita kwenye kitanzi. Nikavuta.

Wilbard ni mzito. Uliposema anakula vibaya kule Soweto ulinidanganya. Majivu yalikuwa yanateleza, na kila nilipopata hatua moja kamba iliteleza mikononi, nami nikabana, ikachukua ngozi. Yule mama alielewa hapo, akaja akanishika mshipi kwa nyuma ili nisiporomoke. Leboi alikuwa amesikia kelele, akarudi mbio. Alipofika kichwa cha Wilbard kilikuwa kimeshatokeza, akamshika kwapani tukamalizia wote. Akamlaza, akampepea, akamwagia maji. Yule mama sasa akawa amelegea mwenyewe, midomo imekuwa ya rangi ya majivu, ikabidi mimi nimshushe haraka kwenye gari. Alinifunga viganja kwa skafu yake tulipokuwa njiani, analia na kuomba radhi kwa lile kofi.

Kwa hiyo Wilbard alipofumbua macho aliyekuwa amemshika ni Leboi. Mimi sikuwepo. Nilikuwa bondeni na mzungu.

Walipofika chini alimvulia Leboi jaketi lake zuri akampa, akamwita ndugu. Leboi akalipokea, kwa sababu akipewa zawadi hakatai, na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya gari mikono imefungwa, nimechoka kiasi kwamba nilihisi hata ulimi una uzito. Niliona Wilbard ananikwepa kwa macho. Nikasema moyoni tutaongea, acha kwanza apumue. Jioni ile ile akapanda gari la kurudi Moshi, na maneno yakafika nyumbani kabla yangu.

Unaweza kuuliza, kwa nini usiseme hayo kwenye simu kwa baba ukamaliza? Nilikuwa nimekasirika, Mama Neema. Nilitaka mtu mmoja kule aseme, "Anaeli? Hapana, lazima kuna jambo." Nilingoja huyo mtu awe wewe. Nimengoja mpaka nimechoka, sasa nasema mwenyewe.

Nije kwenye isale. Usiku na mchana nalifikiria jani lile. Ningekuwa huko ningetoka tu mpaka kwenye mpaka wa kihamba, shamba letu la ukoo, pale walipozikwa wazee, nikachuma jani moja, nikalifunga fundo, nikaenda nalo kwa baba. Yeye angelipokea kwa sababu hakuna Mchagga anayelikataa isale, hata aliyeuliwa mtoto. Tungekunywa mbege, mama mkwe angenipakulia mtori, wewe ungecheka, na Neema angepata kipaimara chake wazazi wote wawili wamesimama nyuma yake kanisani na baadaye tukala uani kwa babu yake. Ni jani tu. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo, na nakiri nimechoka kiasi kwamba njia rahisi naitamani sana.

Lakini isale ni la mkosaji. Nikilileta nitakuwa nimesema mbele ya ukoo mzima kwamba nilikosea kutoshuka. Na wanaokaa uani kwa baba siku kama ile ni akina nani? Ni wapagazi, wapishi wa mlimani, waongozaji. Nusu ya wajomba zako wanakula kwa huo mlima, na siku hizi kila kijana aliyekosa wageni Kibo anauliza habari za huku Lengai. Watasikia kwamba Anaeli alisimama ukingoni, kisha akaomba msamaha. Watajifunza kwamba mwanamume wa kweli huwa anashuka. Na siku moja mmoja wao atamwona mwenzake amekaa kule chini macho wazi, na atashuka, kwa sababu mimi nilileta jani. Huenda huyo akawa Wilbard mwenyewe. Ninamjua, moyo wake ni mwepesi kuliko miguu yake, kesho atamfuata mtu yeyote shimoni.

Kwa hiyo sitaleta isale. Mwambie baba hivyo kwa heshima yote, na umwambie si kiburi. Nikikosea jambo lingine lolote, na najua yapo, nitakuja nimeshika majani mawili. Kwa hili siwezi.

Kwenye kipaimara nitakuja. Leboi ameshakubali kushika kazi yangu, na dereva wa lori amenipa nafasi mbele. Kanisani hakuna wa kunifukuza, nitakaa benchi la nyuma. Mkitoka kwenda kwa baba, nitawafuata mpaka kwenye njia panda, pale kwenye bomba la maji, na hapo nitasimama. Sitaingia uani kwake bila kuitwa, najua adabu. Kama lango halitafunguliwa, nakuomba umpitishe Neema pale njiani na gauni lake jeupe nimwone vizuri, nimpe mkono, halafu nitapanda nyumbani kumkandia mama kifua. Sitafanya fujo. Sina hata nguvu za fujo. Ila ningependa sana, Mama Neema, kwamba wewe uwe umesimama upande wangu wa lango.

Wilbard usimgombeze. Alifanya walichomfundisha Kibo, kwa moyo mzuri, mahali ambapo moyo mzuri hautoshi. Mwambie tu shemeji yake anamsalimu, na kwamba akitaka kurudi huku nitampokea, ila safari hii kopo la mshumaa atalibeba yeye, na kila shimo atalipima hata kama ni safi kama sahani. Halafu umwombe akunje mkono wa sweta. Nasikia tangu arudi anavaa mikono mirefu hata mchana wa jua, anawaambia watu ni baridi imemwingia. Si baridi. Mwangalie mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Nisalimie mama yangu, mwambie shikamoo na asiache kunywa dawa kwa kisingizio cha tangawizi. Msalimie mama mkwe, ambaye najua ananiombea hata sasa, kimya kimya, baba asisikie. Mpe shikamoo baba mkwe, wala usiipunguze. Msalimie dada yako wa Soweto na mumewe fundi, na jirani yetu anayetukamulia ng'ombe. Kwa Neema sina maneno ya kutuma, yake nitayaleta mwenyewe kwa mdomo.

Nimefika hapa na kidonda kimeshafunguka, karatasi utaiona imechafuka kwenye kona. Mungu awafunike hapo mlipo, nami anifikishe salama kwenye njia panda.

Ni mimi mumeo,
Anaeli, Baba Neema

Dereva atakupa pia kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Ni ile kamba, irudi kwa ndama wake. Lakini usiioshe kabla baba hajaiona. Damu iliyokaukia upande wa kitanzi ni ya mdogo wako. Ile ya upande wa pili ni yangu.